Pointi Sita na Mlango wa Chuo: Kutoka Zomba hadi Dzaleka

Wilaya za Kasungu na Dowa zinapakana katikati ya Malawi, na katika kila moja Rais Hastings Kamuzu Banda aliacha kitu cha kumkumbukia. Kasungu alijenga Kamuzu Academy, shule ya bweni iliyofunguliwa mwaka 1981, yenye maktaba kubwa na walimu walioletwa kutoka Uingereza, ambako vijana walisoma Kilatini na Kigiriki cha kale. Walichukuliwa wale waliowashinda wenzao katika kila wilaya. Dowa alikuwa na Dzaleka, kambi ya kuwafungia wapinzani wake wa kisiasa. Mwaka 1994 Banda alishindwa uchaguzi, na mwaka huohuo Dzaleka ikageuzwa kuwa makazi ya wakimbizi waliokuwa wakimiminika kutoka Rwanda, Burundi na Zaire ya wakati huo. Ilipangwa kwa watu kama 10,000 hivi. Leo wamepita 50,000, wengi wao Wakongo, na Kiswahili ndicho kinachosikika sokoni, bombani, kanisani na msikitini.

Nimeanza na majengo haya mawili kwa sababu historia ya kuchagua wanafunzi wa vyuo nchini Malawi imepita kati yake. Kila chuo chenye nafasi chache na waombaji wengi hujiuliza maswali yaleyale: tuamini mtihani wa siku chache, au alama za darasani za miaka minne? Na hizo alama, zimetokana na masomo magumu au mepesi? Marekani wamebishana juu ya hayo kwa zaidi ya nusu karne. Malawi yameamuliwa na marais na majaji, na ndani ya Dzaleka yamechukua sura ambayo wanaobishana huko Marekani ni nadra kuifikiria. Ninachoamini ni kwamba hakuna kipimo kati ya hivi kinachosomeka peke yake bila kujua kimepimiwa wapi, na kwamba aliyepoteza makaratasi yake yote anauhitaji mtihani kuliko wanavyodhani wale wanaoulaumu.

Karatasi ya matokeo ya MSCE, mtihani wa kumaliza sekondari Malawi unaotungwa na baraza la mitihani la MANEB, ni fupi mno kwa jambo linaloamuliwa nayo. Kuna jina, namba ya mtahiniwa, orodha ya masomo, na mbele ya kila somo namba moja, kuanzia 1 hadi 9. Moja na mbili ni za juu kabisa, 3 hadi 6 ni krediti, 7 na 8 ni kupita tu, na 9 ni kufeli. Mtu hujumlisha masomo yake sita bora, Kiingereza kikiwa lazima, na mwenye pointi 6 amepata 1 kila mahali. Mtanzania aliyesubiri Divisheni One ya pointi 7 ataielewa hesabu hiyo mara moja. Kinachokosekana kwenye karatasi ni miaka yote minne iliyotangulia: mwalimu alimpa nini kidato cha pili, alipanda au alishuka, shule yake ilikuwa na maabara au ilichora darubini ubaoni.

Chuo Kikuu cha Malawi kilianzishwa mwaka 1964, mwaka wa uhuru, kikaanza kufundisha Blantyre mwaka uliofuata, na miaka ya 1970 chuo chake kikuu kikahamia Zomba. Nafasi zilikuwa chache kupindukia. Kwa miaka mingi MSCE yenyewe haikutosha: mwenye krediti zake sita alikaa tena kwenye mtihani wa kuingia chuoni uliotungwa na chuo. Mtihani juu ya mtihani, na daftari la darasani halikuulizwa. Sababu yake si ngumu kuiona. Shule za misheni zilikuwa na walimu wenye shahada, na upande wa pili kulikuwa na vituo vya elimu ya masafa ambako wanafunzi walisoma kwa vijitabu na redio. Alama ya 80 ya kituo kimoja na 80 ya shule ya misheni hazikuweza kuwekwa kwenye mizani moja. Mtihani uliokuja umefungwa ndani ya bahasha ulionekana kuwa ndio pekee unaowatendea watu wote sawa.

Ila matokeo yalionyesha jambo jingine. Wamisheni wa Kiskoti wa Livingstonia, wakiongozwa na Robert Laws, walikuwa wamejenga taasisi yao ya Overtoun kule Khondowe, kaskazini, tangu 1894. Vizazi vitatu baadaye Mkoa wa Kaskazini, wenye watu wachache kuliko mikoa mingine miwili, ulikuwa ukitoa wanafunzi wa chuo kikuu wengi kupita sehemu yake ya idadi ya watu. Mwaka 1987 serikali ya Banda ikaamua kugawa nafasi za chuo kwa wilaya. Mwaka 1989 akaenda mbali zaidi, akaamuru walimu warudi kufundisha mikoa walikotoka, amri iliyowalenga watu wa kaskazini. Ndiyo maana wengi wa huko hawajawahi kuukubali mgawo ule kama hatua ya haki. Waliuona kama adhabu kwa waliosoma. Mwaka 1993, utawala wa chama kimoja ulipokuwa ukianguka, Mahakama Kuu iliufuta.

Mgawo huo ulirudi mwaka 2009 chini ya Rais Bingu wa Mutharika. Safari hii hesabu ilielezwa wazi: kila wilaya ipewe nafasi kumi kwa wanafunzi wake bora, na zinazobaki zigawanywe kwa kufuata ukubwa wa idadi ya watu. Wilaya za Malawi ni 28. Likoma, wilaya ya visiwa ndani ya ziwa yenye watu wachache kuliko Dzaleka, ikapata kumi zake kama Lilongwe ilivyopata kumi zake. Kaskazini walikwenda mahakamani tena, mabishano yakatawala magazeti na bunge, na mpango haukuondoka hadi serikali ilipobadilika mwaka 2020 na wizara ikatangaza kurudi kwenye uchaguzi wa sifa.

Mtu akiondoa chuki za kikanda zilizouzunguka mpango huu, kinachobaki ni wazo ambalo hata Marekani walilifikia kwa njia yao. Mwaka 1997 jimbo la Texas, baada ya mahakama kuzuia vyuo vyake kuangalia rangi ya mwombaji, lilipitisha sheria kwamba asilimia 10 ya juu ya kila shule ya sekondari ipate nafasi katika vyuo vikuu vya jimbo. Mtoto ashindanishwe na waliokaa naye darasa moja, wenye mwalimu mmoja na paa moja linalovuja. Tofauti ni kwamba Texas ilitumia shule, na Malawi ilitumia wilaya. Naona Malawi ilikosea hapo. Wilaya ina shule ya misheni na ina shule ya vumbi ndani yake. Nafasi kumi za wilaya huchukuliwa kirahisi na watoto wa ile ya kwanza.

Shule za vumbi zilizidi kuwa nyingi baada ya 1994. Serikali mpya ya Bakili Muluzi ilifuta karo ya msingi, na wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka milioni 1.9 hadi karibu milioni 3 ndani ya mwaka mmoja. Watoto hao walipofika umri wa sekondari, mwishoni mwa muongo, vile vituo vya elimu ya masafa viligeuzwa kuwa sekondari za kutwa za jamii. Vingi vilipata jina jipya bila kupata maabara wala walimu wa sayansi. Basi swali la ugumu wa masomo likaingia mlangoni bila kubisha hodi. Lilongwe kuna Bishop Mackenzie, shule ya kimataifa ambako kijana anamaliza na diploma ya kimataifa ya IB, ambayo msomaji wa maombi kule Marekani anaifahamu kabla hajafungua faili. Mwendo wa saa moja kwa gari kuna kijana anayefanya fizikia ya MSCE bila kuwahi kushika betri na waya darasani. Vyuo vya Marekani vinavyochagua sana husema vinaangalia kama mwombaji alichukua masomo magumu zaidi yaliyokuwepo shuleni kwake. Sharti hilo ni la haki, kama kweli kuna anayejua shuleni kwake kulikuwepo nini.

Sasa Dzaleka. Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwezi Desemba 1987, mwaka uleule wa mgawo wa wilaya, na ikaweka pingamizi lake kwenye vifungu kadhaa. Kimoja kilikuwa kifungu cha 22, kinachohusu elimu. Aya yake ya pili inazitaka nchi ziwatendee wakimbizi vizuri iwezekanavyo katika elimu iliyo juu ya ile ya msingi: kuingia masomoni, kutambuliwa kwa vyeti na shahada walizopata kwingine, kusamehewa ada, kupewa ufadhili. Malawi ilisema itakihesabu kifungu hicho kama pendekezo lisiloifunga kisheria. Kwa mtu aliyetoka Uvira, mji wa Kongo, maneno hayo yaliyoandikwa ofisini yana uzito wa kila siku. Cheti chake hakuna anayelazimika kukitambua.

Na hata akitaka kukionyesha, mara nyingi hanacho. Kimeungua na nyumba, au kimebaki kwenye ofisi ya shule ambayo haipo tena. Aliyebahatika kukibeba ana tatizo jingine. Kongo, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, Examen d'État, una mstari wa kufaulu kwenye asilimia 50, na anayepata 60 anapongezwa na ukoo mzima. Ipeleke 55 ya mtihani huo mbele ya mtu aliyezoea shule za Marekani, ambako chini ya 60 kwa kawaida ni kufeli, naye ataiona kama aibu. Namba haikubadilika njiani. Aliyebadilika ni msomaji wake.

Kwa hiyo wengi walianza upya. Shirika la Kijesuti la Huduma kwa Wakimbizi, JRS, likaendesha shule ya msingi na sekondari kambini kwa mtaala wa Malawi, na kijana aliyekuwa akijibu maswali ya jiografia kwa Kifaransa akajifunza kuyajibu kwa Kiingereza, lugha ambayo kwa miaka mingi bila kuifaulu mtu hakupata cheti cha MSCE hata masomo mengine yaking'ara. Mtihani huo ulikuwa mgumu kwake kuliko kwa Mmalawi. Lakini uangalieni kwa macho yake. Mgawo wa wilaya haukuwa na mstari kwa mtu ambaye kwao ni Uvira. Mikopo ya serikali ni ya raia. Kufanya kazi na kuishi nje ya kambi kunahitaji ruhusa. Karatasi ya MANEB ni miongoni mwa vitu vichache nchini humo vinavyompima mkimbizi na mwenyeji kwa swali moja na kuwapa namba kwa kalamu moja. Kijana wa Dzaleka akipata 2 ya hisabati, ni 2 ileile ya kijana wa Lilongwe, na hakuna wa kumwambia imetungwa.

Karatasi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya Kanada. Shirika la WUSC limekuwa likiwapeleka wanafunzi wakimbizi kwenye vyuo vya Kanada tangu 1978. Zaidi ya 2,000 wamepita humo, na Malawi ni moja ya nchi wanakochukuliwa. Gharama zao huchangiwa na wanafunzi wa Kanada wenyewe kupitia kiasi kidogo kinachoongezwa kwenye ada zao. Anayechaguliwa huingia Kanada kama mkazi wa kudumu, jambo linaloifanya kuwa njia ya masomo na ya maisha kwa pamoja, na ndiyo maana ushindani wake Dzaleka ni mkali. Matokeo ya mtihani wa taifa humwingiza mtu kwenye orodha, kisha huja mtihani wa Kiingereza, kisha usaili. Vijana hulijua hilo tangu kidato cha kwanza. Huhesabu pointi zao kama wengine wanavyohesabu kwacha za nauli.

Lakini Kanada huchukua wachache, na mwaka 2010 kikaja kitu cha namna nyingine kabisa. Wajesuti walianzisha masomo ya chuo kwa njia ya intaneti katika kambi, Dzaleka na Kakuma ya Kenya zikiwa miongoni mwa za kwanza, na diploma ikatolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver. Wahadhiri walikuwa Marekani. Wanafunzi walikuwa Dowa, kwenye chumba chenye kompyuta, umeme ukikatika na kurudi. Diploma za kwanza zilitolewa mwaka 2013. Baadaye Southern New Hampshire University ikaleta shahada isiyo na mtihani wa mwisho wala alama za herufi.

Hapo pafaa kusimama kidogo. Mwanafunzi hupewa mradi: aandike mpango wa biashara, achambue jedwali la takwimu, aandike barua ya hoja kwa kiongozi. Orodha ya mambo anayotakiwa kuonyesha huwekwa mbele yake tangu mwanzo. Akituma, msahihishaji hupitia kila kipengele na kuandika moja kati ya majibu mawili: umekimudu, au bado. Kipengele kimoja kikiwa na "bado", mradi mzima unarudi na maelezo. Mwanafunzi anautengeneza, anautuma tena, na kurudishwa hakumshushi popote. Aliyefika mara ya nne na aliyefika mara ya kwanza wana alama moja. Hakuna anayebebwa, maana kipimo chenyewe hakishuki. Kwa mtu aliyekosa shule miaka mitatu kwa sababu ya vita, utaratibu huo ni wa haki kuliko wastani wowote, kwa kuwa wastani hukumbuka siku mbaya milele.

Najua lawama yake. Mradi unaotumwa kwa intaneti unaweza kuandikwa na rafiki, na mwajiri wa Lilongwe akiona shahada isiyo na daraja atakuna kichwa. Lawama hizo zina uzito. Lakini anayedhani mtihani wa bahasha hauibiwi akumbuke Novemba 2020, maswali ya MSCE yalipozagaa kwenye simu na serikali ikaufuta mtihani wote. Watahiniwa wa nchi nzima, pamoja na wa Dzaleka, walitakiwa kurudi kuufanya upya mwaka 2021. Aliyeiba na aliyekesha na kibatari walirudishwa mstari mmoja. Kama kungekuwepo rekodi ya miaka minne inayoaminika, chuo kingekuwa na kitu cha kushika.

Mwaka huohuo wa 2020, korona ikiwa imefunga vituo vya mitihani, vyuo vingi vya Marekani viliacha kudai alama za SAT, mtihani wao wa kuombea nafasi za chuo. Watafiti wa Chicago walikuwa wamechapisha kazi yao kuhusu wanafunzi wa shule za umma za jiji hilo: wastani wa alama za sekondari ulibashiri nani atamaliza chuo kwa nguvu mara tano kuliko ACT, mtihani mwenza wa SAT. Ilionekana hoja imekwisha. Halafu MIT ikaurudisha mtihani mwaka 2022, na Dartmouth mwaka 2024. Sababu ya Dartmouth inatuhusu. Waligundua kwamba wanafunzi kutoka familia na shule duni walikuwa wakizificha alama ambazo zingewasaidia, kwa kudhani ni ndogo, kumbe wasomaji wa maombi wangezipima dhidi ya wastani wa shule zao na kuona mtu aliyeruka juu ya wenzake wote. Alama ya shule yenye kila kitu na alama ya shule isiyo na kitu hazikupaswa kufanana ili ziwe na thamani.

Huo ndio usomaji ninaoutaka kwa Dzaleka, na unahitaji kazi. Lazima mtu fulani aandike shule ina walimu wangapi, masomo gani yanafundishwa, wanafunzi wangapi hukaa darasani, wengi hupata pointi ngapi. Shule za Marekani huambatanisha maelezo hayo na kila faili. Mpango wa UNESCO wa hati ya sifa za wakimbizi, ambao Zambia iliujaribu mwaka 2019 ikiwa ya kwanza Afrika, unafanya jambo la karibu na hilo kwa wasio na vyeti: wataalamu wanakaa na mtu, wanamuuliza alisoma nini na wapi, wanalinganisha na wanachokijua kuhusu mfumo wa nchi yake, kisha wanaandika tathmini yao. Dunia nzima, wakimbizi watatu tu kati ya mia walikuwa chuoni mwaka huo. Kufikia 2023 walikuwa 7 kati ya mia, na lengo la UNHCR ni 15 ifikapo 2030. Haliwezi kufikiwa kwa namba za mtihani peke yake.

Machi 2023 serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, na mwezi Mei polisi wakaanza msako Lilongwe. Familia zilichukuliwa majumbani, maduka yakafungwa, na watu wakiwemo watoto wakashikiliwa gereza la Maula kabla ya kupelekwa kambini. Baadhi ya watoto hao walikuwa wamehamishiwa shule za jijini na wazazi wao kwa ajili ya pointi hizihizi. Rekodi zao za darasani zina muhula uliokatika. Mtu wa udahili, awe Zomba, Toronto au New Hampshire, atakapoifungua faili ya mmoja wao atakuta pengo, na asipopata barua ya mwalimu mkuu inayotaja mwezi na sababu, atalihesabu kuwa ni utoro.